Kuandika Rejista Upya

Chuo cha ualimu kilitufundisha kuwa rejista ikishaandikwa kwa wino haifutwi. Nikiwa mwalimu mkuu, nilimwandika mtoto mmoja katika mkondo wa "wazito". Miezi baadaye nilimsikia akiwaeleza wenzake hesabu chini ya mwembe, nikajua kosa ni langu. Lakini sikulisahihisha, maana niliona haya mbele ya walimu wangu.

Nilimkumbuka niliposoma habari za EUNIS, orodha ya makazi ya mimea na wanyama inayotunzwa na Shirika la Mazingira la Ulaya. Wataalamu waliipitia upya. Misitu ikatoka herufi G ikaingia T. Nyika za vichaka vifupi zikatoka F zikaingia S. Herufi si kitu. La maana ni kwamba kanuni walizochapisha mwaka 2020 zilipimwa kwa kumbukumbu za vipande vya ardhi zaidi ya milioni moja, wakitazama mimea iliyomo hasa.

Jina lina uzito wake. Nyika ya Lüneburg, Ujerumani, hudumu kwa kuwa kondoo huilisha mwaka hata mwaka. Mtu akiiita msitu uliochelewa, ataipanda miti kwa nia njema, na nyika itakufa.

Ndugu msomaji, wataalamu wale hawakuona haya kuigeuza orodha yao wenyewe. Mimi nilishindwa kufuta neno moja, na mtoto yule akalibeba hadi alipomaliza shule.