Valvu Aliyoiweka Baba

Amplifaya ya marehemu Baba inakaa sebuleni kwetu Majengo, Mombasa, juu ya kabati la santuri. Ni ya valvu. Ukiiwasha, unasubiri kama nusu dakika. Vioo vinashika wekundu kama makaa kwenye chetezo, kisha sauti inakuja taratibu.

Tangu utoto wangu ilikuwa na ila moja: haipandi. Zungusha kidude cha sauti mpaka mwisho, wimbo unabaki pale ambapo watu wanaweza kuongea juu yake. Sote tulijua imechoka.

Baada ya arubaini niliamua kuitengeneza. Niliichomoa kwenye umeme, nikapima kwanza kwa mita, maana kapasita huweza kushikilia volti 300 na ushei hata mashine ikiwa imezimwa. Kwenye bati, kando ya soketi ya kwanza, pameandikwa ECC83. Valvu iliyokaa pale ilikuwa ECC82.

Hizi ni kama mapacha. Kimo kimoja, miguu 9 ileile, volti zilezile za kupasha moto. Moja inaingia mahali pa mwenziwe bila ubishi. Tofauti iko kwenye kazi: kipimo cha kukuza cha ECC83 ni 100, cha ECC81 ni 60, na cha ECC82 ni kama 17 tu. Ukibadilisha hivyo, mashine haiungui. Inanyamaza kidogo tu.

Iliniuma. Baba alikuwa fundi redio. Nikawaza, kumbe uzee ulimwanza mapema, akaona 3 palipo na 2, nasi watoto hatukugundua.

Nikaagiza ECC83. Nikaipachika, nikaweka taarab, kidude robo tu. Nyumba ikajaa. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Umeirudisha ile nyingine?"

"Umejuaje, Mama?"

"Baba yako hakukosea, mwanangu. Ami yako kila akija alikuwa akizungusha mpaka mwisho, nawe mchanga, ndiyo kwanza umelala. Sasa angemwambiaje kakake mkubwa apunguze? Akafungua usiku, akabadilisha. Kesho yake ami yako akazungusha weee, akasema mashine imezeeka. Yakaisha."

"Na nilipokua?"

"Ulipokua tulishazoea."

Nilikaa na ile ECC82 kiganjani muda mrefu. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kosa ambalo lilikuwa adabu yake.

Ami bado huja kila Ijumaa baada ya swala. Ningeiacha valvu mpya, ningekuwa nimemwambia lile ambalo Baba hakutaka alijue. Nikairudisha ya zamani. Ami huzungusha mpaka mwisho, husikiliza, hutikisa kichwa.

"Imezeeka hii. Kama mimi."

"Ndiyo, Ami," namwitikia, namuongezea kahawa.