Deni Lisilolipika

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Usemi huu ni wa haki, na watu wasiouheshimu hawana amani sokoni wala nyumbani. Walakini yako madeni ambayo fedha haiyamalizi. Mimi nilibeba moja kwa miaka mingi, na namna nilivyotuliwa mzigo huo ndiyo habari ya insha hii.

Mwaka 1978 mama yetu aliuza ng'ombe wake wa pekee kijijini kwetu Taita. Alinikabidhi shilingi 600 niipeleke karo ya mdogo wangu Mombasa, mji niliokuwa nikifanya kazi. Fedha ile haikufika shuleni. Niliimaliza kwa karata katika majuma mawili, kisha nikaandika barua nyumbani kwamba nimeibiwa. Mama aliniamini, akanipa pole. Mdogo wangu, aliyekuwa mwerevu kuliko mimi, aliacha masomo akaenda kukata mkonge.

Mama alifariki akiusadiki uongo wangu. Baada ya maziko sikuweza kustahimili tena. Nilimwita mdogo wangu chini ya mwembe nikaungama yote. Alinyamaza kitambo kirefu akiitazama mikono yake, iliyojaa makovu ya miiba ya mkonge. Kisha akasema, "Kaka, habari hiyo niliipata zamani kwa mmoja wa wacheza karata wenzako. Nami nilikwisha kukusamehe."

Labda wadhani kwamba hapo nilipata raha. Sikuipata. Nilinunua daftari, nikaandika deni langu katika ukurasa wa kwanza, na kila mwezi nilimpelekea mdogo wangu fedha na kuziandika. Shilingi 600 zilitimia mara kumi, lakini moyo wangu haukutulia. Mdai alikuwa amefunga hesabu. Mdaiwa ndiye aliyekataa kuifunga.

Jumapili moja mchungaji alifundisha habari za nabii Yeremia. Nabii huyo aliishi siku za msiba, Wababeli walipouteketeza Yerusalemu, yapata miaka 586 kabla ya Kristo. Taifa lake lilikuwa limelivunja agano lililofanywa zamani za Musa, wala halikuwa na neno la kujitetea. Katika giza hilo alitangaza agano jipya: sheria itaandikwa mioyoni, na Mungu hatazikumbuka dhambi za watu wake tena. Waraka kwa Waebrania unayarudia maneno hayo kwa urefu. Yesu naye, usiku ule kabla ya kufa kwake, aliwapa wanafunzi kikombe akakitaja kuwa ni cha agano hilo.

Mambo haya niliyajua tangu utoto, lakini siku ile niliyasikia kama mgeni. Nilielewa kwamba Mungu hasahau kwa udhaifu, kama mzee asahauvyo, ameazimia kutohesabu. Aliyekosewa mwenyewe ameichukua gharama. Nami, kwa daftari langu, nilikuwa nikijaribu kununua kitu nilichokwisha kupewa bure, na kiburi changu kilikuwa kimevaa nguo za toba.

Jioni ile nilimpelekea mdogo wangu daftari. Alilisoma, akacheka, akazichana kurasa zilizoandikwa. Zilizobaki alimpa binti yake, naye akafanyia hesabu za shule.

Kijana msomaji, usifikiri kwamba msamaha hufuta matokeo ya kosa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mdogo wangu hakurudi darasani, na makovu ya mikono yake hayakutoka. Nilipomsaidia binti yake kwa karo baadaye, sikuandika popote. Nilitoa kwa furaha, na hiyo ndiyo tofauti niliyoiona ndani yangu. Kwa mama sikupata nafasi ya kuungama. Hapo sina ila tumaini la Mkristo, kwamba kaburi si mwisho wa maneno kati ya mama na mwanawe, na kwamba siku moja nitamwambia kweli bila hofu.

Ukikosa, ungama mapema, maadamu uliyemkosea yu hai. Ukisamehewa, pokea. Daftari uliyonayo, mpe mtoto aandikie hesabu zake.