Goti la Mchuma Chai

Ukitaka kumtambua mgeni huku Nyamira, mtazame anavyoshuka mteremko. Mgeni hushuka akijizuia kwa mwili mzima, mikono ameitanua kama anayevuka mto juu ya gogo. Mwenyeji hukunja magoti kidogo tu, akaiacha miguu ifanye kazi yake. Kuanzia Kebirigo hadi Manga, na ukivuka kuelekea Kisii, ni nadra kuona shamba lililolala sawa kama meza. Chai imepandwa mteremkoni, ng'ombe wamefungwa mteremkoni, na hata kwenda msalani ni kushuka. Goti ni kiungo ambacho watu wa hapa hukitumia kuliko wanavyokifikiria, mpaka siku kitakapokataa.

La mama yangu lilianza kukataa miaka sita iliyopita. Kwa Ekegusii mama huitwa "baba", naye baba ni "tata", jambo lililonichanganya sana nilipoanza kusoma Kiswahili shuleni. Hapa nitamwita Mama ili tuelewane. Amechuma chai tangu kabla sijazaliwa: kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, kisha kupanda na mzigo hadi kituo cha kununulia majani. Ana miaka 58. Ukimuuliza kuhusu goti la kulia atakujibu, "Ni uzee tu, baba," maana mama wa Kigusii naye humwita mwanawe hivyo hivyo anapotaka kumbembeleza anyamaze.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Nilisoma uhandisi wa mitambo chuo kikuu hadi mwaka wa tatu. Karo ikaisha kabla ya kozi kuisha, nikarudi nyumbani na laptopu na daftari la michoro. Siku hizi naandika makala za kliniki na kampuni za mbali ambazo jina langu halitokei popote. Ni kazi, na bando hailipiwi kwa maombi. Mwaka jana mteja mmoja aliomba makala kuhusu jinsi vipandikizi vya goti vinavyosanifiwa. Alilipa kwa idadi ya maneno, na ilikuwa kazi ya siku mbili. Mimi nilisoma wiki tatu, kwa sababu picha za eksirei za Mama zilikuwa kwenye bahasha ya kahawia juu ya kabati, na daktari alikuwa ameshatamka neno "kubadilisha".

Wacha nieleze nilichokielewa. Goti lina mfupa wa paja juu, muundi chini, na pia ya goti mbele. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini na chenye utelezi ambacho hakina mishipa ya damu na kwa hiyo hakijirekebishi vizuri kikishaharibika. Gegedu ikiisha, mfupa husagana na mfupa. Kwenye eksirei ya Mama, upande wa ndani wa goti, ule mwanya ambao ungepaswa kuonekana mweusi kati ya mifupa haupo.

Jambo la kwanza ambalo mhandisi hukosea ni kudhani goti ni bawaba ya mlango. Wengi walidhani hivyo. Mwaka 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alitengeneza goti la bawaba kwa pembe za ndovu na kulipandikiza kwa mgonjwa ambaye kiungo chake kilikuwa kimeliwa na kifua kikuu. Nilisimama kidogo hapo. Miaka hiyo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe duniani, na watu wa bara letu walizibeba mabegani hadi pwani. Viungo vya Gluck havikudumu kwa sababu ya maambukizi, lakini wazo lilibaki.

Tatizo la bawaba ni kwamba goti halifanyi jambo moja. Linapokunjika, mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya muundi, na wakati huohuo huzunguka kidogo. Bawaba hukataa kuzunguka, basi nguvu hiyo huhamia pale chuma kinaposhikana na mfupa, na polepole kinalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, Frank Gunston kutoka Kanada aliacha bawaba na kutengeneza sehemu zisizounganishwa, zinazoteleza moja juu ya nyingine. Mwaka 1974 kule New York, John Insall na wenzake, akiwemo mhandisi Peter Walker, wakaanza kutumia muundo ambao magoti mengi ya leo bado yanafanana nao: juu chuma cha kobalti na kromi chenye mkunjo wa mfupa, chini kipande cha plastiki ngumu aina ya polietilini. Mara nyingi vyote hugandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa.

Mjomba wangu ni mchonga mawe Tabaka, kule Kisii. Nilimwonyesha picha ya kile chuma cha juu kwenye simu. Hakuuliza bei wala kinatoka wapi. Aliuliza kimepigwa msasa mara ngapi. Wachongaji wa Tabaka husugua jiwe la sabuni kwa msasa ndani ya maji, wakianza na msasa mkali na kuishia na ule laini kabisa, hadi jiwe ling'ae. Nilimwambia chuma hicho hung'arishwa kama kioo, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu utailima plastiki kila hatua, na chembe za plastiki zikimwagika ndani ya kiungo, mwili huzishambulia na kuula mfupa ulio jirani. Mjomba akatikisa kichwa: "Basi hao ni mafundi."

Ni mafundi kweli, na kazi yao si ya kubahatisha. Huko huko Berlin, watafiti wamepandikiza magoti yenye vihisi ndani na kupima mzigo mtu anapotembea. Kwenye tambarare goti hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi hupita mara tatu. Nilifanya hesabu ya Mama: kilo 70 zake, kilo kumi na kitu za majani mabichi, mteremko, mara nyingi kwa siku, miaka zaidi ya 25. Niliacha kuandika nikaenda kukata nyasi za ng'ombe.

Kuna habari njema. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi zenye rejista za viungo, ulikadiria kwamba magoti bandia manane kati ya kumi hudumu miaka 25. Kwa mwanamke wa miaka 58, hiyo ni karibu maisha yote yaliyobaki. Lakini takwimu hizo zimetoka nchi tajiri, kwa watu ambao wengi wao hawapandi milima na kikapu. Afrika tuna rejista chache mno. Malawi ilianzisha yake mwaka 2005, na ninaitaja kwa wivu, kwa kuwa rejista ndiyo humwambia msanifu kitu chake kilimfanyia nini mtu wa kweli, kwenye barabara ya kweli.

Swali la Mama halikuwa la miaka. Tulipokuwa kwa daktari, hospitali nitakayoiacha bila jina, alielezwa habari za kisu, damu, siku za kulazwa na bei, ambayo ilikuwa laki nne na ushee. Alisikiliza kimya kama anayesikiliza matangazo ya kanisani. Mwishoni akauliza kwa sauti ya chini, "Daktari, nitaweza kuchuchumaa?"

Daktari alicheka kwa upole, akasema hilo tutaliona baadaye. Mimi sikucheka. Kutembea hukunja goti takriban digrii 60 au 70. Ngazi hutaka kama 90. Kuchuchumaa hutaka 130 na zaidi, na magoti mengi bandia huishia kati ya 110 na 120. Choo chetu ni cha shimo. Kanisani kwetu watu hupiga magoti kuomba. Viazi huvunwa ukiwa umeinama au umepiga magoti. Swali lake lilikuwa la usanifu kuliko maswali yote yaliyoulizwa chumbani mle.

Wasanifu walilisikia swali hilo, ila kutoka kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni kubwa zilileta magoti yaliyosanifiwa kukunjika zaidi, zikiwafikiria wateja wa Asia na Mashariki ya Kati ambao huketi na kuswali sakafuni. Wakaongeza mkunjo wa chuma nyuma na kuchonga plastiki mbele. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tofauti na magoti ya kawaida ni ndogo. Kinachotabiri vizuri zaidi goti litakunjika kiasi gani baada ya upasuaji ni lilivyokuwa likikunjika kabla yake.

Hapo ndipo makala ya mteja ilipoacha kuwa makala ya mteja. Kwetu goti hupelekwa hospitali likishakuwa gogo. Watu hungoja bonasi ya chai, hungoja mtoto amalize shule, hungoja harambee. Na kila mwaka wa kungoja, digrii kadhaa hupotea ambazo chuma cha bei yoyote hakitazirudisha. Nilichukua kipima pembe kutoka kwenye kibati cha hesabu cha mdogo wangu, nikamwomba Mama alale kitandani akunje mguu. Alilalamika kuwa namfanya fremu ya dirisha. Digrii 115. Nikaandika tarehe.

Najua kuna watakaosema vipandikizi ni mambo ya wazungu na mgonjwa wa kijijini ashukuru apewacho. Watu hao wasahau basi kwamba Abagusii walikuwa na omobari omotwe, mpasuaji wa jadi aliyefungua ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa baada ya kupigwa, na wagonjwa wengi wakapona. Madaktari wa kigeni waliandika juu yao katika karne iliyopita wakishangaa. Hatujawahi kuogopa mfupa. Tunachokosa ni nafasi ya kuketi pale kipimo kinapochorwa.

Na inawezekana kuanzia mahali badala ya kuanzia soko. Vyuma vya kuunga mfupa wa paja vya shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, vilisanifiwa kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Daktari hulipata tundu la skrubu kwa fremu ya kulengea na kwa mikono yake. Vyuma hivyo vimefika Afrika Mashariki, ambako bodaboda zimevunja mapaja ya vijana wengi wa rika langu. Mtu aliuliza kwanza hospitali ikoje, kisha akachora.

Nani atauliza kwanza mteremko ukoje? Sina shahada, lakini daftari la michoro ninalo bado, na nimeandika ndani yake orodha ambayo sikuiona kwenye broshua yoyote: digrii za choo cha shimo, urefu wa kigoda cha jikoni, uzito wa kikapu siku ya mvua, idadi ya hatua hadi kituo cha chai. Nakala moja tutampelekea daktari. Tumekubaliana pia, nyumba nzima, kwamba hatutangoja mwaka mwingine. Ng'ombe mmoja atauzwa, ya bonasi ya Oktoba itaongezwa, na bima italipa kile itakachokubali.

Mama ameweka sharti moja. Kabla hajalazwa, fundi aje ajenge choo cha kukalia, tena chenye mlango mpana, kwa sababu magongo hayapiti kwenye ule wa sasa. Fundi amepima jana. Anataka mifuko minne ya saruji.