Sant'Agata, Mji wa Fahali

Ukitoka Bologna asubuhi, barabara inakata uwanda wa mto Po: mashamba bapa ya ngano na mahindi, mifereji, nyumba za matofali mekundu, na ukungu mzito kama uji. Hakuna hata kichuguu cha kukuashiria kwamba umefika Sant'Agata Bolognese. Unaona kanisa, mkahawa, duka la mikate; kisha, kando ya Via Modena, kiwanda cha Lamborghini.

Kwa nini hapa? Udongo unajibu. Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka 1916 kijiji cha Renazzo, si mbali, kwa wazazi wakulima. Vita vilimkuta kisiwani Rhodes akitengeneza magari ya jeshi. Aliporudi, wakulima wa uwandani walikuwa na kiu ya matrekta, na magari ya jeshi yaliyobaki yakiuzwa kwa bei ya kutupa. Akayanunua, akayafumua, akaunda matrekta. Petroli ilikuwa ghali, basi akabuni kifaa cha kuiwezesha injini kuwaka kwa petroli, kisha ikishapata moto ihamie dizeli. Ufundi wa mtu anayejua mkulima ana shilingi ngapi mfukoni.

Matrekta yakamtajirisha, utajiri ukamnunulia Ferrari, na Ferrari ikamsumbua klachi. Mwenyewe alisimulia kwamba alipomlalamikia Enzo Ferrari aliambiwa arudi kwenye matrekta yake. Kila msimulizi ameongeza chumvi yake. Lakini mwaka 1963 kiwanda kilisimama hapa, mwendo mfupi tu kutoka Maranello kwa Ferrari, na nembo yake ikawa fahali, kwa kuwa nyota ya Ferruccio ni Ng'ombe. Fahali wawili hawakai zizi moja. Pengine hawa wamevumiliana kwa sababu mmoja, wa Ferrari, ni farasi.

Mimi nilikuja kwa ajili ya gari moja, Miura. Waliolisanifu, Dallara na Stanzani, walikuwa hawajatimiza miaka 30. Mwishoni mwa 1965 waliipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Torino chasi tupu, bila bodi, injini ya silinda 12 imelazwa kukingama nyuma ya viti. Mwaka uliofuata, Geneva, ikavikwa bodi ya Marcello Gandini wa Bertone. Ukisimama mbele yake linakufikia kiunoni, na taa zake zimepakwa kope kama za bibi harusi.

Baadaye mambo yaliharibika: Ferruccio akauza, kampuni ikafilisika, ikapita mikononi mwa Wamarekani na Waindonesia hadi Audi ilipoichukua mwaka 1998. Ferruccio mwenyewe alikuwa ameshahamia Umbria, akilima zabibu.

Mchana nikakaa mkahawani. Magari mawili ya majaribio, yenye vibao vya Prova, yakapita yakinguruma. Wazee waliokuwa wakicheza karata hawakuinua macho. Kisha likapita trekta kuukuu. Mmoja wao akaweka karata mezani, akatega sikio, akawaambia wenzake kitu kuhusu injini ile.