Kalamu Tuliyoichonga Wenyewe

Katika rika langu hapa Pemba, maalimu alimchongea mtoto wa chuoni kalamu ya kwanza. Ya pili mtoto alijichongea mwenyewe.

Kazi hiyo si kubwa, ila ina adabu zake. Unakata tete lililokomaa na kulianika kivulini mpaka likauke. Ncha unaikata mshazari kwa kisu kikali, unaipasua katikati ufa mwembamba wa kushushia wino, kisha unaisawazisha. Ufa ukizidi, kalamu inatapika. Ukipungua, inakwaruza ubao. Wino wetu ulikuwa masizi na gundi ya mti, na ndani ya kidau tulitia pamba ili kalamu isibebe mwingi.

Mkato wa ncha ndio uliozaa mwandiko. Mmoja alikata pana, mwingine nyembamba, na barua ikija kutoka Wete au Mkoani, aliyeandika tulimjua kabla ya kusoma jina lake.

Wenzangu huwalaumu vijana kwamba wameutupa ufundi huu. Mimi siwalaumu. Zama za washairi wetu Kamange, aliyefariki 1910, na Sarahani, aliyefariki 1926, Kiswahili kiliandikwa sana kwa herufi za Kiarabu: tungo, barua, hati. Kazi ilikuwapo, na kalamu zikachongwa. Skuli za serikali zikaleta herufi za Kirumi, zikaja nibu za chuma, kisha peni za dukani. Kazi ikahama, na kisu kikarudi jikoni.

Palipobaki kazi, kalamu ipo. Anayeandika kombe hawezi kutumia peni ya dukani, maana maandishi yale yatanywewa. Aya huandikwa kwa zafarani iliyolowekwa katika marashi, juu ya sahani nyeupe, kisha huoshwa kwa maji apewe mgonjwa. Hapo lazima ipatikane kalamu safi ya kuchovya, na wa kuichonga hakosekani.

Kwa hiyo anayetaka kalamu hizi ziwekwe katika makumbusho ya ngome ya Chake Chake, simpingi, lakini kabati la kioo halifundishi mkono. Mpeni mtoto cha kuandika: mwaliko wa maulidi, jina la kutundikwa ukumbini, ukurasa wa khati nzuri. Akiona peni yake haitoi herufi iliyonenepa hapa na kukonda pale, kisu atakiomba mwenyewe.