Pindo la Vidole Vinne

Nilipofika darasa la tatu, sketi yangu ya shule ilikuwa na mikanda miwili ya rangi kuzunguka chini. Juu kabisa bluu ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni ya mche. Ukishuka ulikuta mkanda wa kwanza, bluu iliyoanza kufifia. Chini yake ulikuwepo wa pili, ungali mbichi kama siku kitambaa kilipokatwa kwenye jora. Kila mkanda ulikuwa mwaka mmoja wa maisha yangu. Mtu aliyejua kusoma nguo angetambua nilishonewa lini, pindo lilifumuliwa mara ngapi, na kwamba nyumbani kwetu kuna mama anayepiga hesabu.

Nilianza shule Morogoro mwaka 1978. Baba alikuwa relwe, mama akikaanga vitumbua, nasi tulikuwa watoto watano. Siku ya kupimwa sare tuliongozana hadi kibarazani kwa fundi wetu, Mji Mpya. Fundi alinizungushia utepe kiunoni, akapima kutoka kiunoni hadi magotini, akaandika namba kwa chaki kwenye ubao wa cherehani. Mama akasema, "Fundi, chini niachie vidole vinne."

"Vinne vingi, mama. Sketi itakuwa nzito, haitachanua."

"Mtoto ndiye atakayechanua, fundi. Wewe niachie."

Akawekewa vinne. Vidole vinne vya mtu mzima vikibanwa pamoja ni kama sentimita saba, na mtoto wa miaka saba au minane huongezeka kimo kwa sentimita tano au sita kwa mwaka. Mama hakuwahi kuzipima hizo sentimita, lakini kipimo chake kilikuwa sahihi. Fundi alikunja pindo mara mbili, mkunjo ndani ya mkunjo, akaushikiza kwa mkono badala ya cherehani ili nyuzi zifumuke bila kuumiza kitambaa. Desemba ilipofika, mama aliketi mlangoni na wembe, akafumua mkunjo mmoja, akaupiga pasi ya mkaa. Januari nikarudi shuleni na sketi inayonifika magotini, bila senti kutoka. Kiunoni pia aliacha akiba, na kwenye mishono ya ubavuni. Sketi ikishanishinda, mdogo wangu aliipokea na pindo likakunjwa upya.

Pesa zenyewe alizifunga kwenye pindo la khanga, kama wanawake wengi wa rika lake. Ila yeye alikuwa na mafundo matatu, kila moja kwenye ncha yake. Moja la shule, moja la Idi, na la tatu la nguo za kushindia nyumbani. Faida ya vitumbua ilipoingia aligawa papo hapo. Nilimwona akiishiwa mafuta ya taa na fundo la shule lipo begani, asiliguse. Tulilala mapema usiku ule.

Hesabu hiyo haikuwa ya kupenda tu. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita na mikanda ikabaki imefungwa. Tulikuwa na pamba yetu na viwanda vyetu: Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex kule Mwanza, Mutex kule Musoma. Lakini vipuri na rangi vilihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo hazikuwepo. Kitambaa kilipofika kwenye duka la ushirika kilikuja na foleni na daftari la majina, na kaya ilipimiwa yadi zake. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipokwisha kupita mitaani, rafu za madukani zilikuwa tupu kuliko nilivyopata kuziona.

Idi el-Fitri ya mwaka ule iliangukia Julai. Mama alipata kitambaa cha aina moja tu, maua madogo mekundu kwenye weupe, na akachukua chote alichoruhusiwa. Wasichana tulishonewa magauni, kaka zangu mashati, na mabaki yakawa kofia ya kitinda mimba. Tulitoka asubuhi watoto watano wa maua mekundu. Niliona fahari ambayo sijaisahau, kwa sababu tulijua vazi lile lilikuwa limengojewa tangu mwaka uliotangulia. Tulilivaa tena Idi el-Haji, siku kama sabini baadaye, na mama alikuwa amelipangia hivyo tangu mwanzo: vazi moja, Idi mbili.

Kisha mlango ukafunguka. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Mitumba ikamiminika. Mwanzoni watu waliinong'ona. Waliiita kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu, na baadhi ya wazee waliichemsha na mwarobaini kabla mtoto hajaivaa. Lakini mvulana aliyekuwa na viraka viwili makalioni aliweza sasa kuvaa suruali nzima. Binti wa kijijini aliweza kupata sweta la baridi ya Uluguru kwa bei ya mafungu machache ya ndizi. Sitaki kuisema vibaya mitumba. Ilistiri watoto wengi ambao miaka michache nyuma walikuwa wakivaa magunia yaliyotobolewa shingo.

Nilichelewa kuona kilichoondoka ilipoingia. Ilipokuja nguo iliyokwisha kushonwa, pindo lilipotea. Viwanda vya ng'ambo hushona gauni la mtoto kwa ajili ya msimu mmoja, na pindo lake ni la kidole kimoja au pungufu. Mtoto akikua, nguo imekwisha hata kama kitambaa ni kizima. Na kwa kuwa bei ilikuwa ndogo, hakuna aliyefunga fundo kwa ajili yake. Pesa ilitoka kidogo kidogo, leo shilingi mia tatu, keshokutwa mia tano, na haikuacha alama ya kukumbusha ilikwenda wapi.

Hayo nilifundishwa Januari mwaka 1999. Nilikuwa nimeolewa Dar es Salaam, tunaishi Tandika, na binti yangu mkubwa alikuwa darasa la pili. Kila Jumamosi nilikwenda soko la mitumba la Mchikichini alfajiri, wakati marobota yanafunguliwa. Robota la kilo 45 linapokatwa kamba, nguo huvimba zenyewe na kumwagika kwenye turubai, na harufu ile ya dawa na vumbi hupanda. Wanawake wote huinama kwa pamoja. Nilikuwa mjuzi: nililitazama kwapa la gauni kabla ya kifua, nikavuta lastiki, nikapandisha na kushusha zipu, nikaliinua juani kuona kama limeliwa. Nilirudi nyumbani na mfuko umejaa, nikiamini nimebana matumizi.

Mwaka ule Idi ilikuwa imesogea hadi Januari. Mwaka wa mwezi una siku kama kumi na moja pungufu ya mwaka wa jua, kwa hiyo Idi huzunguka kalenda nzima kwa miaka kama 33. Mama yangu, miaka yetu ya shule, aliipata katikati ya mwaka, mbali na sare za Januari. Mimi nilikuta sikukuu na kufunguliwa kwa shule vimekaa ndani ya mwezi mmoja. Zamu yangu ya kupokea mchezo wa upatu ilikuwa Novemba, na pesa ile ilikwisha kuyeyukia Mchikichini. Binti yangu akaenda shule na sketi ya mwaka uliopita, ya dukani. Saa nne asubuhi nikamwona anarudi peke yake, mkoba umemfunika magoti. Mwalimu alikuwa amemtoa mstarini mbele ya wenzake, akamwambia asirudi mpaka apate sketi ya heshima. Hakulia. Aliketi kwenye ngazi akiivuta sketi chini kwa mikono miwili, akiiachia, akiivuta tena. Mikono ile ninaiona mpaka leo.

Mama alikuwa amekuja kutoka Morogoro kufuturu nasi. Hakunigombeza. Alilifungua sanduku la mjukuu wake, akatoa nguo moja moja, akazipanga mkekani huku akizihesabu kwa sauti. Magauni yalikuwa 23. Sketi ya shule moja, nayo ndiyo ile.

"Mwanangu," akaniambia, "nguo unazo nyingi. Vazi huna."

Akachukua wembe akaifumua ile sketi chini, na ndani hamkuwa na kitu, kitambaa cha upana wa ukucha tu. Akanituma kununua nusu yadi ya bluu. Usiku ule, baada ya tarawehe, akaunga kipande kuzunguka sketi yote kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa mashine, na chini akakunja pindo. Aliposogeza kibatari nikaona analipima kwa vidole vinne.

Tangu hapo nina daftari, nalo lina safu tatu, yale mafundo yake. Safu ya shule hufungwa Oktoba: kitambaa kinunuliwe kabla bei ya Januari haijapanda, fundi ashone bila haraka, na pindo liwepo. Safu ya Idi ni vazi moja kwa kila mtoto, lishonwe kwa namna ya kuvalika sikukuu zote mbili na harusi zilizo katikati. Safu ya kushindia ndiyo ya mitumba, na hapo sihesabu shilingi, nahesabu nguo: tano kwa mtoto, na ya sita haiingii mpaka moja itoke kwenda kwa mdogo au kwa jirani. Nguo za ndani ni mpya siku zote. Shirika la Viwango la Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya, na hata lisingepiga, ngozi ya mtoto si mahali pa kubania pesa.

Daftari hilo limepita majira mengi. Nguo mpya za China zilipojaa Kariakoo, nilijifunza kuzigeuza ndani nje na kutazama mshono kabla ya ua lililo kifuani, kwa sababu nyingi zilifumuka kabla ya mtoto kuzizidi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 nilishukuru kama mzazi yeyote, lakini ada ilipoondoka sare ilibaki mikononi mwetu, na kwa jirani yangu mwenye wajukuu wanne sare ndiyo ilikuwa mzigo wenyewe. Mwaka huohuo viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe kufikia 2019 ili viwanda vyetu vifufuke. Rwanda ikapandisha ushuru ikashikilia, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza mavazi yake huko bila ushuru. Tanzania ilikuwa imekwisha kurudi nyuma. Nilizifuata habari zile kwa moyo uliogawanyika. Nilitamani kuiona tena bluu ya kiwanda chetu kwenye jora. Nikawafikiria pia akina mama ninaowajua pale Mchikichini, wanaosomesha watoto kwa robota moja la kukopa.

Sijui mtoto gani atavaa kitambaa cha nchi gani. Ninachojua ni kwamba umaskini wetu wa zamani ulitufundisha kumwangalia mtoto kama mtu anayekuja, wala si aliyekwisha kufika. Mama alipomnunulia mtoto nguo alimnunulia na yule atakayekuwa mwakani. Pindo lilikuwa mahali pa kumwekea huyo wa mwakani nafasi yake. Wingi wa nguo za bei rahisi ulinisahaulisha kumwekea, na siku alipokuja hakupata pa kukaa, akarudishwa nyumbani akivuta sketi.

Mama alifariki, Mungu amrehemu. Binti yangu yule sasa ana binti yake mwenye miaka minne. Hafungi fundo kwenye khanga. Pesa yake iko kwenye simu, ameigawa katika akiba tatu alizoziandika Shule, Idi na Kushindia. Juzi nilimwonyesha kwenye kalenda kwamba Idi el-Fitri itarudi Januari mwaka 2031, na mtoto wake atakuwa shuleni. Akanijibu ameshaliona hilo, na ameanza kuongeza kwenye ile ya Idi.

Wiki iliyopita tulimpeleka mtoto kwa fundi kupimwa sare yake ya kwanza ya chekechea. Fundi ni kijana, ana cherehani ya umeme na utepe shingoni. Akampima kiuno, akampima hadi magotini, akauliza pindo aliweke sentimita ngapi. Binti yangu hakujibu kwa sentimita. Aliinama, akaulaza mkono wake chini ya kitambaa, akakunja kidole gumba, vikabaki vinne.