Kabla ya Kulipa Nauli, Muulizeni Bibi

Akina mama wenzetu, kwa sisi tunaoishi Kilimarondo, kwenda pwani si jambo la kuamka asubuhi na kufunga mzigo. Kwanza kuna barabara ya vumbi hadi Nachingwea mjini, ambayo wakati wa masika hugeuka tope. Kutoka hapo kuna njia mbili za kuifikia lami iendayo baharini: moja hupitia Masasi, nyingine hupitia Ruangwa na kutokea Nanganga. Mbele kabisa, pale Mnazi Mmoja, barabara hugawanyika. Aendaye Lindi hushika kushoto, na aendaye Mtwara hushika kulia.

Mwaka 2024 sisi akina mama 22 wa kikundi chetu cha kanisa tuliifanya safari hiyo. Wengi wetu hatukuwa tumeiona bahari hata siku moja. Tunapenda kuwashirikisha namna tulivyoipanga, kwa maana lililo kubwa tulijifunza kabla gari halijawashwa.

Majira na fedha

Huku kwetu mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Fedha nazo zina majira yake: za korosho huingia mwishoni mwa mwaka, na za ufuta huingia katikati ya mwaka. Kwa hiyo tulianza kuweka akiba kidogo kidogo baada ya korosho, tukamalizia baada ya ufuta, na tukachagua mwezi Agosti, barabara ikiwa kavu. Tuliamua kwenda Lindi badala ya Mtwara, kwa kuwa kutoka Mnazi Mmoja Lindi ni karibu zaidi.

Mwezi Mei, tukiwa bado tunachanga, Kimbunga Hidaya kiliipiga pwani ya kusini. Mvua zake ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa, na wasafiri wakakwama kwa siku kadhaa. Safari yetu haikuwa ya kufika huko, lakini habari ile ilitufundisha. Tulitenga fedha ya chakula cha siku mbili za ziada, nayo ikafungwa katika bahasha ya peke yake ambayo mtunza hazina hakuruhusiwa kuigusa bila dharura.

Ramani ya hospitali

Sisi tulio wauguzi tulichora ramani ya aina yake. Badala ya hoteli na maduka, tuliandika mahali pa kupata matibabu: hospitali ya wilaya Nachingwea, Mkomaindo pale Masasi, hospitali ya wamisionari Ndanda, hospitali ya Nyangao, na mwisho Sokoine pale Lindi. Kwa ajili hiyo tulichagua njia ya Masasi. Kila mama aliandika katika karatasi dawa anazotumia, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, kwa sababu simu huzimika au kupotea, lakini karatasi iliyo katika pindo la kanga haiishiwi chaji.

Bibi ajitoa

Katika kikundi chetu yumo bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Alipokuwa binti alikuwa akiiona treni pale Nachingwea, iliyokuwa ikienda Mtwara. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, nayo ikafungwa mwaka 1962. Bibi hakuwahi kuipanda. Maisha yake yote alikuwa akisema kuwa ipo siku ataiona bahari, na katika mchango wetu yeye ndiye aliyemaliza kulipa kabla ya wote.

Basi tulishangaa, wiki tatu kabla ya safari, alipotuma mjukuu kusema kwamba haendi, na fedha yake apewe mwingine. Wengine walisema ni uzee. Wawili kati yetu tukamfuata nyumbani. Tulikaa naye tukichambua mboga, tukazungumza habari za mashamba na wajukuu, hata jua likaanza kushuka. Ndipo akatuambia kwa sauti ya chini: “Wanangu, mimi siwezi kuzuia haja ndogo. Siku moja nilipanda basi, nikamwomba dereva asimame, akakataa. Nililowa mbele za watu. Sitaki tena.”

Kumbe kila aliposafiri, tangu jana yake alikuwa hanywi maji, wala hamezi kidonge chake cha presha, kile kinachopunguza maji mwilini. Mwenzetu msomaji, hilo ni hatari. Mtu asiyekunywa maji hupata kizunguzungu, na mkojo wake huwa mkali na kukiwasha kibofu, hata aende haja mara nyingi zaidi. Na presha isiyo na dawa haingoji mtu arudi safari.

Alituomba tusimwambie mtu yeyote. Tukamwahidi.

Kikao kigumu

Hapo ndipo penye mtihani. Mpango wa awali ulikuwa kuondoka alfajiri na kulala Lindi siku hiyo hiyo, ili tukae usiku tatu karibu na bahari. Sisi tukapendekeza tulale Ndanda njiani, na tusimame kila baada ya saa moja na nusu. Hatukuweza kutaja sababu yenyewe, lakini tulizo nazo nyingine zilikuwa za kweli pia: miguu huvimba kwa kukaa sana, damu huweza kuganda katika mishipa, na dereva aliyechoka ni hatari kwa wote. Wenzetu vijana walinung'unika. Katibu alisema waziwazi, “Mnatunyang'anya siku moja ya bahari, na fedha ni zetu sote.” Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tulipiga kura: 12 walikubali, 9 walikataa.

Kisha tuliandikiana na mwenye gari sharti moja: mkono ukiinuliwa, gari lisimame, na asiulizwe mtu sababu. Tulichagua vituo vyetu kwenye shule na zahanati zilizo kando ya barabara, tukatanguliza ujumbe kwa wenyeji kuomba vyoo. Tulibeba dumu la maji ya kunawa, sabuni, ndoo yenye kifuniko, na kanga za kuzungushia mahali pasipo na choo. Bibi alikubali kuja, na dawa yake akaimeza.

Kilichotokea njiani

Gari liliposimama mara ya kwanza tulitangaza, “Wote tushuke tunyooshe miguu!” Wote tukashuka, wote tukaenda chooni. Kituo cha pili vivyo hivyo. Kufika cha tatu, mama mmoja wa miaka 35 tu, mwenye watoto watano, akatunong'oneza kwamba hii ni safari yake ya kwanza kunywa maji bila hofu. Halafu mwingine, na mwingine. Katibu wetu naye akacheka akasema, “Kumbe tulikuwa wengi!”

Usiku ule, pale Ndanda, mazungumzo yaliyofanyika chumbani hayajawahi kufanyika katika kikundi chetu. Tulieleza kuwa kuvuja mkojo baada ya kuzaa si aibu wala si sharti la uzee, na kwamba yapo mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yanayosaidia. Kwa mwanamke anayevuja mfululizo tangu uchungu mrefu wa uzazi, huenda ni fistula, nayo hutibiwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutoa matibabu hayo bila malipo. Yeyote mwenye dalili hizo asikae kimya, aanzie zahanati iliyo karibu naye.

Kesho yake, Lindi, Bibi aliingia majini hadi magotini akiwa ameshikwa mikono na vijana wale wale waliopiga kura ya kukataa. Alionja maji, akatema, akasema, “Chumvi yote hii, na sisi tunauziwa!”

Ametupa ruhusa kuandika haya, bila jina lake. Anasema kuna mabibi wengi majumbani wanaosema hawapendi safari.

Akina mama, mnapopanga safari yenu, hesabuni mafuta na kilomita, kagueni matairi na leseni ya dereva. Lakini kwanza mwendeeni yule aliye dhaifu kuliko wote, mkae naye taratibu hata aseme. Mwendo wake uwe ndio mwendo wa gari.